Taji la Majilio: Somo la Kazi ya Mikono ya Nyumbani



Kila mwaka, ukaribiapo mwezi wa Desemba, huingia katika nyumba nyingi za Wakristo fadhaa isiyotokana na Krismasi yenyewe. Baba huhesabu fedha zake, huona ya kuwa hazitoshi. Mama hutazama mapambo yanayong'aa dukani, naye hurudi nyumbani kimya. Tumemjua mzee mmoja wa kanisa, mtu mwaminifu kabisa, aliyekopa ili nyumba yake isionekane tupu siku ya sikukuu, wala asimtembelee dada yake mikono mitupu. Mwezi wa Januari ulipofika, ada ya shule ilimkuta mtupu kweli kweli. Hatumlaumu, maana aibu ya umaskini ni mzigo mzito, na wengi wetu tumeuchukua. Lakini tumeazimu kuwaletea mwezi huu somo la jambo moja la kupamba nyumba na la kumpa jirani, ambalo laweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopo shambani na jikoni. Nalo ni taji la Majilio.

Yafaa kwanza tujue lilikotoka, kwani wako wadhanio ya kuwa ni pambo la matajiri wa Ulaya. Sivyo. Lilianza katika nyumba ya watoto maskini. Katika mji wa Hamburg, huko Ujerumani, alizaliwa mwaka wa 1808 mtu aitwaye Johann Hinrich Wichern, ambaye baadaye alisomea kazi ya uchungaji katika kanisa la Kilutheri. Aliwaona watoto wa mji wake wakizurura bila malezi, wengine wakiiba, wengine wakiombaomba, na wengi wakiishi katika vyumba vichafu visivyo na hewa. Basi mwaka wa 1833 alihamia pamoja na mama yake katika nyumba ya kijijini, nje ya mji, iitwayo Rauhes Haus, akaanza kuwapokea wavulana. Hakuwafungia ndani kama wafungwa, bali aliwagawanya katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake. Nao walijifunza kulima na kufanya kazi za mikono pamoja na masomo yao.

Watoto hao, kama watoto wote, hawakujua kungoja. Husimuliwa ya kuwa walimwuliza Wichern kila siku, "Je, Krismasi imefika?" Ndipo, mwaka wa 1839, alipotwaa gurudumu kuukuu la gari la kukokotwa, akalipandia mishumaa, akalitundika katika chumba cha sala. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia siku ya kwanza ya Desemba. Basi palihitajiwa mishumaa 24: minne mikubwa myeupe kwa Jumapili nne, na 20 midogo myekundu kwa siku nyingine. Kila jioni uliwashwa mmoja zaidi, na watoto waliona kwa macho yao jinsi mwanga ulivyozidi kadiri sikukuu ilivyokaribia. Majani mabichi yaliongezwa miaka iliyofuata. Desturi ile ikaenea katika nyumba za Walutheri, na katika karne ya 20 ikapokewa hata na Wakatoliki. Huko njiani mishumaa midogo iliachwa, ikabaki ile minne tu, kwani si kila chumba kina nafasi ya gurudumu la gari.

Tazameni basi: gurudumu lililochakaa, ambalo mwingine angalilipasua kuni. Hicho ndicho kilichokuwa chanzo cha taji linalouzwa leo kwa bei kubwa katika maduka ya miji.

Wengine watauliza, Je, imetupasa sisi kufuata desturi ya Hamburg? Twajibu: haikutupasa. Maandiko hayakuamuru taji la Majilio wala hayakulikataza, na katika mambo ya namna hiyo Mkristo yu huru. Nyumba isiyo na taji haipungukiwi na neno la wokovu. Lakini mwalimu wa watoto ajuaye jinsi ilivyo vigumu kueleza kungoja kwa maneno matupu, ataona upesi faida yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Gurudumu sisi hatuna, wala hatulihitaji, kwa kuwa tunayo ngata. Mama zetu wachukuapo mtungi wa maji au mzigo wa kuni huweka kichwani duara ya majani makavu ya mgomba. Na anayejua kusokota ngata amekwisha kujua nusu ya kazi hii. Chukua maganda makavu ya mgomba, uyanyunyizie maji kidogo yapate kulainika, uyaache mpaka yasivunjike ukiyakunja. Yakusanye yawe unene wa kifundo cha mkono, uyapinde kuwa duara yenye upana kama dhiraa moja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole, kisha uyazungushie kamba ya mgomba na kukaza kila baada ya vidole vitatu. Usiwe na haraka hapa. Ngata iliyofungwa kwa ulegevu hukaa vizuri siku ya kwanza, na siku ya tatu, ikikauka, hulegea yote.

Juu ya ngata hufungwa majani mabichi. Penye baridi ya milimani pana mtarakwa, na pwani pana mvinje. Matawi yake hukatwa urefu wa kiganja na kupangwa yakielekea upande mmoja, kila tawi likifunika shina la lililotangulia, kama mtu aezekavyo nyumba. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wana jani lililo bora kuliko haya yote, nalo ni sale. Kila Mchaga ajua maana yake. Masale hupandwa mipakani mwa kihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba radhi. Naye aliyekosewa huona vigumu kulikataa. Jani hili likikatwa hukaa kijani siku nyingi. Kwa maoni yetu, taji la Majilio lililofumwa kwa masale husema jambo ambalo matawi ya msonobari wa Ulaya hayawezi kulisema. Majilio ni wakati wa kutengeneza njia, na njia nyingine iliyozibwa ni ile ya kwenda kwa jirani.

Kuhusu mishumaa, aliye na fedha kidogo anaweza kununua minne ya kawaida. Lakini penye mizinga pana nta, na mshumaa wa nta ya nyuki una harufu nzuri, hautoi moshi mwingi, tena haupindi upesi kwa joto. Nta ikamuliwe asali, ioshwe, iyeyushwe na kuchujwa kwa kitambaa. Hapa twawasihi mtuangalie vema, maana tuliwahi kukosea. Mara ya kwanza tulipojaribu, tuliweka sufuria ya nta juu ya mafiga moja kwa moja, tukaenda kumpokea mgeni mlangoni. Tuliporudi nta ilikuwa inatoa moshi, na mara ikashika moto, nasi tuliuzima kwa kufunika kifuniko, siyo kwa maji. Shukuru Mungu jiko lilikuwa la bati, wala si la makuti. Tangu siku ile twaweka kopo la nta ndani ya sufuria yenye maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi za joto zipatazo 63, na maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100; kwa hiyo nta huyeyuka vema, isiweze kufikia joto la kuwaka. Ila msiondoke, na maji yakipungua mwongeze. Na ikitokea nta imeshika moto, ifunikeni. Mkiimwagia maji italipuka.

Utambi ni uzi wa pamba uliosokotwa mara tatu. Funga kijiwe mwishoni upate kunyooka, uchovye katika nta, utoe, uache upoe kwa muda wa kusema Baba Yetu polepole, uchovye tena. Kila mara huongezeka ngozi nyembamba tu. Watoto huchoka wakifika mara ya kumi, nao hudhani kazi imeharibika. Waambieni waendelee, kwani mshumaa wa unene wa kidole gumba wataka kuchovywa mara nyingi, pengine 30 na zaidi. Kumbukeni pia ya kuwa mishumaa minne haifanyi kazi sawa. Wa kwanza huwashwa Jumapili zote nne, wa pili tatu, wa tatu mbili, wa nne mara moja. Mkiwasha kwa nusu saa kila Jumapili, wa kwanza lazima uweze kuwaka saa mbili nzima. Basi ule ulio mnene kuliko yote uwe wa kwanza.

Mahali pa kusimamisha mishumaa ni jambo kubwa kuliko uzuri wa taji. Maganda ya mgomba ni makavu, na majani nayo hukauka wiki kwa wiki. Mkipanda mishumaa juu ya ngata mnaweka moto juu ya kuni. Wekeni taji juu ya sinia la bati, na katikati, ndani ya duara, bakuli pana la udongo lililojazwa mchanga wenye unyevu. Mishumaa minne isimame ndani ya mchanga, mbali na majani kwa kiganja kimoja. Pasiwe na pazia karibu, wala makuti juu yake, wala mtoto asiachwe peke yake nao. Na baba wa nyumba asilale kabla hajaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa siku za katikati ya juma, ambazo Wichern aliziwekea mishumaa midogo, sisi twatumia punje. Hesabuni siku toka Jumapili ya kwanza ya Majilio hata tarehe 24 Desemba, mtoe Jumapili nne. Mtapata siku zisizopungua 18 wala kuzidi 24, maana Jumapili ile huweza kuangukia tarehe 27 Novemba, au 3 Desemba, au yoyote iliyo katikati. Idadi hiyo ya punje za mahindi au buni itiwe katika kikombe, na kila jioni mtoto mmoja atoe punje moja kuiweka juu ya mchanga. Mtoto asiyejua kusoma kalenda huona kikombe kinavyopungua. Wako wanaopenda zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo mtipitipi, kwa kuwa zapendeza macho. Tafadhali msizitumie mbele ya watoto, kwani zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa.

Tumenena juu ya taji kama pambo. Lakini laweza kuwa zawadi, na hapo ndipo tunapotaka mwalimu akae zaidi na wanafunzi wake. Ngata ndogo, ya upana wa shibiri moja, yenye majani na mshumaa mmoja katika kikombe cha udongo, humalizika katika saa za alasiri moja. Someni habari za Dorkasi katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakimwonyesha nguo alizowashonea. Hawakumwonyesha fedha, ingawa pengine aliwapa pia. Fedha zilikwisha kuliwa. Nguo zilikuwa bado miilini mwao, na kila mshono ulikuwa wa mkono wake. Waulizeni wanafunzi: ni nani katika mtaa wetu ambaye hajaingiliwa na mtu nyumbani mwake tangu msiba? Ni nani ambaye hatusalimiani naye? Kila mmoja ataje jina moyoni, si kwa sauti, kisha asokote ngata kwa ajili ya mtu yule. Mikono ikiwa kazini, moyo hupata nafasi ya kufikiri. Tumeona mama mmoja akisokota na kuifumua mara tatu, akisema kamba ni mbovu. Kamba ilikuwa njema. Mara ya nne aliimaliza, akatoka nayo jioni ile ile kwenda kwa mke wa shemeji yake.

Wasioweza kupata mgomba wasikate tamaa. Wa pwani wana ukindu, na anayejua kusuka ukili aweza kusuka kipande chembamba cha alama ya kitabu, kwa ajili ya Biblia au kitabu cha nyimbo: nyuzi saba nyembamba, urefu wa kitabu na vidole vinne zaidi, miisho ikikazwa kwa sindano na uzi mwekundu. Ni kazi ya jioni moja, na babu asiyeona vizuri ataipapasa na kuupata ukurasa wake.

Mkesha wa Krismasi ukiisha kupita, kusanyeni mabaki ya mishumaa, myayeyushe pamoja, yawe mwanzo wa mishumaa ya mwakani. Majani makavu yatupwe shambani. Ngata yenyewe ikunguteni mavumbi, mkaze kamba iliyolegea, mkairudishe jikoni kwa mama. Asubuhi atahitaji kuchota maji.