Istilahi ya "Kumbukumbu" na Upangaji wa Seva ya Hifadhidata

Makala haya yanadhamiria kueleza namna kumbukumbu ya seva ya hifadhidata inavyogawiwa, na kuonyesha kwamba mtafsiri asiyeuelewa mgao huo anaweza kubuni istilahi itakayoiangusha seva yenyewe. Huenda msomaji akajiuliza mada hii inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Ikumbukwe kwamba mikusanyo mikubwa ya matini, ile iitwayo kongoo, huweza kuhifadhiwa katika programu za aina hii. Tutatumia mfano wa PostgreSQL, programu huria ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker.

Kwanza tutenganishe kumbukumbu na hifadhi. Hifadhi ni diski, ambamo data hukaa hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ni nafasi ya kufanyia kazi, yenye kasi kubwa, ambayo yaliyomo hufutika tarakilishi izimwapo. (Ajabu ni kwamba katika lugha ya kawaida kumbukumbu za mkutano ndizo zinazodumu! Lakini neno limeshazoeleka.)

Katika faili ya mipangilio mna kigezo kiitwacho shared_buffers. Hiki hutaja kiasi cha kumbukumbu kinachotengwa mara moja seva iwashwapo, kisha kikatumiwa na watumiaji wote kwa pamoja. Thamani yake ya awali ni megabaiti 128. Mwongozo rasmi hupendekeza kuanzia robo ya kumbukumbu yote, ikiwa tarakilishi imetengewa hifadhidata pekee. Yenye gigabaiti 16, basi, itatenga 4. Haifai kutenga 12, kwa sababu PostgreSQL hutegemea pia mfumo endeshi, ambao huweka nakala za faili zilizosomwa karibuni katika kumbukumbu iliyobaki.

Utata mkubwa umo katika kigezo cha pili, work_mem. Ukikitafsiri sisisi utapata "kumbukumbu ya kazi", na msomaji atadhani ni fungu moja la seva nzima kama lile la kwanza. Sivyo. Tukichukua mfano wa karamu ya arusi, shared_buffers ni sinia moja lililozungukwa na wageni wote, ilhali work_mem ni ukubwa wa sahani ambayo kila mgeni anaruhusiwa kupakua, na mgeni mmoja anaweza kuwa na sahani mbili au tatu. Kila tendo la kupanga au kukusanya ndani ya swali moja lina ukomo wake.

Tuseme wanafunzi 100 wanaiuliza kongoo swali moja kwa wakati mmoja: kila neno limetokea mara ngapi, na orodha ipangwe kuanzia lenye marudio mengi. Swali hilo huweza kuwa na matendo mawili, kuhesabu na kupanga. Msimamizi ameweka work_mem megabaiti 64, akidhani ametoa 64 tu. Kuhesabu huko kwa kawaida hutumia jedwali la heshi, na tangu toleo la 15 la mwaka 2022 jedwali hilo huruhusiwa kufikia maradufu ya ukomo, yaani 128. Ukijumlisha 64 za kupanga, kila mwanafunzi anaweza kufikia 192, na wote 100 wakafikia megabaiti 19,200. Tarakilishi ina gigabaiti 16! Si lazima wote wafike kilele hicho, lakini wakifika, mfumo wa Linux huweza kuua mchakato mmojawapo ili kujinusuru, na PostgreSQL hulazimika kukata miunganisho yote na kuanza upya. Data iliyokwisha kuthibitishwa haipotei. Kinachopotea ni kipindi cha darasa.

Kwa hivyo tunapendekeza shared_buffers iitwe "bafa za pamoja", na work_mem "ukomo wa kumbukumbu kwa kila tendo". Istilahi ya pili ni ndefu, na wapenda ufupi watanuna, ila neno "kila" ndilo linalobeba hesabu yote.

Kigezo cha tatu, effective_cache_size, hakitengi hata baiti moja. Ni makadirio tu yanayomsaidia mpangaji wa maswali kuamua kama inafaa kutumia faharasa. "Makadirio ya kache" yatatosha.

Inafaa kuiacha work_mem katika megabaiti 4 za awali, au juu yake kidogo, kisha kutumia amri ya EXPLAIN ANALYZE. Ikionyesha kwamba upangaji umemwagikia kwenye diski, ukomo haukutosha. Mhadhiri mwenye swali zito anaweza kuupandisha kwa amri ya SET katika kikao chake peke yake, nao hurudi ulipokuwa afungapo muunganisho.