KIOO CHA CNC YA ZAMANI KIMEKUWA CHEUSI? JUA KILICHOKUFA KABLA HUJATOA HELA

Somo la leo ni la wale wanaochonga vitu wenyewe na kuviuza mtandaoni: gia, puli, moldi za sabuni, vibao vya majina vya aluminiamu. Linawahusu pia wanaonunua na kuuza mashine yuzd.

Wengi wetu hatuna CNC mpya. Tuna ile ya miaka ya 1980 au 1990, chuma kizito na imara, ila kioo chake ni cha chogo kama TV za zamani. Siku moja unawasha, feni zinavuma, kioo ni cheusi tii. Na una oda ambazo watu wameshalipa nusu. Hapo ndipo hela hupotea, maana fundi wa haraka haraka atakwambia bodi kuu imekufa, na bodi ya mashine ya umri huo utaitafuta miezi.

Swali la kwanza kujiuliza ni hili: kimekufa kioo, au umekufa ubongo wa mashine? Ni vitu viwili tofauti. Kioo kinaonyesha tu, kazi inafanywa na kompyuta iliyoko ndani ya kabati. Kioo kikizima, ubongo unaweza kuwa mzima kabisa.

Namna ya kujua haihitaji kifaa. Washa mashine, subiri idakika moja au mbili iamke, kisha bonyeza vitufe vyenye taa. Je, taa zinabadilika ukibadilisha modi? Pampu ya maji inawaka ukiiamuru? Hakikisha kitufe chekundu cha dharura hakijabonyezwa, toa kila kitu mezani, weka hatua ndogo kuliko zote, halafu zungusha gurudumu la mkono taratibu. Meza ikisogea, shukuru Mungu, ubongo uko hai na tatizo lako ni dogo. Isiposogea usikate tamaa bado, huenda kuna alamu ambayo huioni kwa sababu kioo ni cheusi.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Historia yake inasema mengi. Kama kilikuwa kinafifia kidogo kidogo kwa miezi, basi kimechoka. Kama kilikuwa kinawaka na kuzima ukifunga mlango wa kabati kwa nguvu, kuna mahali waya umelegea. Mashine hizi zinatetemeka kila siku, na mvuke wa maji ya kupoozea unaingia hadi kwenye viunganishi na kuvila. Zima umeme wote, chomoa kebo ya kioo, isafishe kwa spiriti, iache ikauke, rudisha. Mara nyingine tiba inaishia hapo.

Kama kioo ni bapa, fanya wanachofanya mafundi simu. Zima taa za chumba, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Kwa kioo cha chogo, sogeza mkono karibu na uso wake wakati wa kuwasha, usikilize. Vinyweleo vikisimama na ukasikia mlio mdogo wa kuchachatika, umeme mkubwa unafika, tafuta kwenye mwanga au kebo ya picha. Kukiwa kimya kabisa, huenda umeme haufiki.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Vile vioo vidogo vya inchi 9, vya rangi moja, kama vya Fanuc mfululizo wa 0, vinatumia volti 24 za moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai ya mashine. Fundi umeme mwenye mita anapima kwa dakika chache. Volti 24 zikikosekana, angalia fyuzi yake. Ikiwa imekatika, weka ya ukubwa ule ule, ila kabla ya kuwasha chomoa kioo. Fyuzi ikidumu bila kioo na kukatika kioo kikirudishwa, shoti iko ndani ya kioo au kwenye waya wake. Ikikatika hata bila kioo, shida iko kwengine kwenye laini hiyo. Tafadhali msifunge waya badala ya fyuzi. Najua tunafanya hivyo kwenye redio, lakini hapa utaunguza kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Jamaa mmoja aliniita nimsaidie kutafuta bodi kuu mtandaoni, ameshaambiwa ndiyo imekufa. Nikamwomba azungushe gurudumu la mkono kwanza. Meza ikatembea. Fundi umeme akafuatilia waya wa kioo, akakuta umebanwa na bawaba ya paneli mpaka ganda limechubuka. Fyuzi moja na mkanda wa kuzibia, kazi ikaendelea.

Kama meza haisogei na taa za vitufe nazo hazieleweki, fungua kabati ukiwa na fundi, mtazame pawasaplai. Nyingi zina taa ya kijani ya uhai na nyekundu ya hitilafu. Pimeni pia umeme unaoingia. Mashine ya fezi tatu ikipoteza fezi moja inachanganya sana, feni inaweza kuzunguka na taa ya ndani kuwaka huku kompyuta haina kitu.

Onyo moja: usifungue kioo cha chogo mwenyewe. Ndani yake kuna maelfu ya volti, na yanabaki hata baada ya kuchomoa umeme. Mpelekee fundi wa TV za chogo. Wazee hawa wanazidi kupungua, lakini kapasita iliyokauka na risasi iliyopasuka wanavitambua kwa macho.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni betri. Programu na parameta za mashine za zamani nyingi zinashikiliwa na betri. Ukizima mashine wiki sita ukisubiri kioo, na betri ikaisha, unapoteza kila kitu. Hapo tatizo la fyuzi linakuwa tatizo la kumtafuta mtu mwenye parameta za mashine yako. Kwenye Fanuc nyingi betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Basi mnapofungua kabati, mpime na betri.

Ikibidi kununua kioo kipya, kuna vioo bapa vilivyotengenezwa kuziba nafasi ya vile vya chogo. Usichukue monita yoyote ya kompyuta ukidhani itakubali. Kioo cha zamani cha inchi 9 hupokea picha kwa takriban kilohezi 15.7, monita ya VGA ya kawaida inataka kuanzia 31, kwa hiyo haitaonyesha kitu bila kibadilishi. Soma namba iliyoko mgongoni mwa kioo, kwa mfano A61L-0001-0093, umtumie muuzaji namba hiyo. Picha peke yake haitoshi.

Kwa wauzaji wa mashine yuzd: usiandike tu "mbovu, kioo hakiwaki", utapewa bei ya chuma chakavu. Piga video mashine ikiwashwa, taa zikibadilika, meza ikitembea kwa gurudumu la mkono mihimili yote mitatu. Piga picha ya namba ya kioo na ya taa za pawasaplai. Andika wazi kwamba kioo hakiwaki na mihimili inatembea, kisha punguza bei ya kioo kipya na gharama ya kukifunga, basi. Na wewe mnunuzi, muuzaji akikosa video ya meza ikitembea, hesabu kwamba ubongo nao umekufa, upange bei yako kwa hesabu hiyo.