Sendofu ya mdogo wangu Ijumaa, mtihani wangu Jumamosi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, natunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Kerenge, Korogwe. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara Afrika Kusini, na chuo kinataka matokeo ya mtihani wa GMAT. Nimejiandikisha kuufanya Jumamosi saa tatu asubuhi, Dar es Salaam. Ijumaa usiku ni sendofu ya mdogo wangu, Korogwe mjini, na mimi ndiye mweka hazina wa kamati. Mama anasema nihudhurie, kisha nipande basi la usiku. Eti mtihani unarudiwa, sendofu hairudiwi. Maombi ya chuo yanafungwa siku 10 baada ya mtihani. Nifanyeje?*

*Mweka Hazina, Kerenge*

Marahaba, mwanangu. Nenda Dar es Salaam Alhamisi. Sasa nikupe sababu, maana utazihitaji mbele ya mama.

Mama hajakosea kwamba mtihani huu unarudiwa. Ndani ya miezi 12 mtu anaruhusiwa kuufanya mara tano. Lakini kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 16, na wewe umebakiwa na 10. Kwa maombi ya mwaka huu, Jumamosi hiyo ndiyo nafasi yako.

Basi la usiku nalipinga kabisa. Utatoka ukumbini saa sita, miguu imevimba kwa kucheza na kupokea wageni, ukasimame kusubiri gari. Pancha moja kati ya Segera na Chalinze inatosha kukuharibia kila kitu. Hata ukifika salama stendi ya Magufuli pale Mbezi, bado kuna foleni ya kuingia mjini. Halafu ukakae mbele ya kompyuta. Mtihani una sehemu tatu, kila moja dakika 45: maswali 21 ya hesabu, 23 ya lugha, 20 ya kuchambua takwimu. Ni kama dakika mbili kwa swali, na yote ni kwa Kiingereza. Mtu aliyekesha anasoma swali moja mara tatu ndipo alielewe, na muda haumsubiri. Anayefikia mwisho wa sehemu akiwa hajajibu maswali yote hukatwa alama kwa hilo, kwa hiyo dakika za mwisho jibu hata yale usiyo na uhakika nayo. Na wewe uliyezoea kikokotoo cha ofisini, ujue kwamba kwenye hesabu hakiruhusiwi. Utakipata kwenye sehemu ya takwimu tu. Jizoeze kwa kalamu kuanzia leo.

Kuna jambo moja linawaumiza Watanzania wengi kwenye mitihani ya nje: majina. Cheti cha shule kina Zuhura, pasipoti ina Zuhra, jina la babu lipo huku na kule halipo. Fungua usajili wako usiku wa leo, uweke pembeni ya pasipoti, ulinganishe herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, waandikie wahusika wiki hii. Ukirudishwa mlangoni Jumamosi, usitegemee kurudishiwa ada, na najua mshahara wa chama cha kijijini ulivyo. Ijumaa nenda ukakione kituo kwa macho yako, kisha ulale. Jumamosi fika nusu saa kabla. Utachagua mwenyewe sehemu ya kuanzia. Anza na unayoiweza zaidi.

Tuje kwa mama. Nahisi sendofu si hofu yake yote. Binti anayeshika michango ya watu akiondoka siku moja kabla ya shughuli, maneno yatasemwa, na mama ndiye atakayeyasikia sokoni. Kwa hiyo Jumatano kabidhi daftari na fedha mbele ya mwenyekiti na mjumbe mwingine, muhesabu pamoja, mtie saini wote. Ukimaliza, nenda kwa mama na karatasi hiyo mkononi. Usimtume shangazi yako wala usiandike ujumbe wa simu. Mweleze zile siku 16 na zile 10. Mzazi anaelewa hesabu akielezwa kwa heshima.

Mdogo wako naye anastahili kusikia kutoka kwako. Kaa naye Jumatano usiku, umpe zawadi yake, umwahidi kwamba siku ya ndoa utakuwa upande wake kuanzia asubuhi mpaka mwisho. Ahadi hiyo uitimize.

Wapo watakaokuita mbinafsi. Mimi sikuiti hivyo. Umejisomea ukitoka kazini, umelipa kwa jasho lako, na nafasi yenyewe haiji Kerenge kila mwaka. Kata tiketi ya Alhamisi leo hii, kabla hujaanza kuzungumza na mtu yeyote.