Baiskeli Inayokataa Kubadili Gia

1. Gia ni za kazi gani?

Njia za Bukavu hupanda na kushuka. Mwenye baiskeli ya kawaida, akifika kwenye mlima mkali, hushuka akaisukuma. Baiskeli ya mashindano ina gia za kumsaidia. Kwenye gurudumu la nyuma kuna vigurudumu vya meno, vikubwa na vidogo, vimepangwa pamoja. Mnyororo ukikaa juu ya kikubwa, miguu hufanya kazi nyepesi, na baiskeli hupanda polepole. Ukikaa juu ya kidogo, kazi ni nzito, lakini baiskeli hukimbia.

Chombo kinachouhamisha mnyororo huitwa derayeri. Waya hutoka kwenye mkono wa gia, hupita ndani ya ala yake, hufika kwenye derayeri. Waya ikivutwa, mnyororo hupanda kigurudumu kikubwa. Waya ikilegezwa, springi huurudisha kwenye kidogo.

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini derayeri iliruhusiwa huko mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo mkimbiaji alishuka chini ya mlima, akatoa gurudumu la nyuma, akaligeuza, ili mnyororo ushike meno ya upande wa pili.

2. Kosa la kijana

Kijana mmoja wa Bukavu aliachiwa baiskeli ya mashindano na kaka yake mkubwa aliyekwenda safari. Kaka alimwambia: «Uitunze kama mboni ya jicho lako.»

Baada ya mvua nyingi, baiskeli ilianza ukaidi. Mnyororo ulikubali kupanda kigurudumu kikubwa, lakini ulichelewa kushuka kwenye vidogo. Kijana akawaza: «Derayeri imekufa.» Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu moja, kisha ya pili, bila kuhesabu.

Kesho yake, alipokuwa akipanda mlima, alitaka gia nyepesi kuliko zote. Mnyororo ukakipita kigurudumu kikubwa, ukaanguka kwenye spoki. Gurudumu likasimama ghafula, na spoki mbili zikapinda. Bahati yake, alikuwa akienda polepole. Kama angekuwa na mwendo mkali, angetupwa barabarani.

3. Fundi anauliza

Kijana akaisukuma baiskeli mpaka kwa fundi mzee. Fundi hakushika chombo chochote. Aliuliza kwanza:

— Mwanangu, ugonjwa ulianza namna gani?

— Mnyororo ulikataa kushuka, Mzee.

— Na wewe, uligusa nini?

Kijana akanyamaza. Aliona haya, tena aliogopa habari isije ikamfikia kaka yake. Mwishowe akasema:

— Mzee, nilizungusha skrubu zote mbili. Sikujua ni za kazi gani.

— Umefanya vema kusema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sasa najua mambo ni mawili: ugonjwa wa kwanza, na ule ulioongeza wewe.

4. Fundi anatafuta

Kwanza, fundi alisimama nyuma ya baiskeli akatazama. Derayeri huning'inia kwenye kipande cha chuma karibu na ekseli. Kipande hicho kikipinda, hakuna skrubu itakayokiponya. Lazima kinyoshwe au kibadilishwe. Hiki kilikuwa kimenyoka.

Pili, aliupima mnyororo. Katika mnyororo mpya, kutoka pini moja mpaka pini ya 24 baada yake ni milimita 304.8. Ukipita milimita 307, umechakaa, nao hula meno ya vigurudumu. Huu ulikuwa bado mzima.

Tatu, aliifungua waya akaivuta kwa mkono. Ilikuwa nzito. Akaitoa katika ala, na katika kipande kilicho karibu na gurudumu la nyuma zikatoka kutu na matope. Akasema: «Mwizi ni huyu! Springi haina nguvu ya kuirudisha waya iliyokwama. Derayeri yako ni nzima.»

5. Fundi anatengeneza

Fundi alibadilisha waya, ala na spoki mbili. Kabla ya kuifunga waya, alirekebisha skrubu. Alieleza kwamba skrubu hizo ni mipaka tu. Ile yenye alama H huizuia derayeri isipite kigurudumu kidogo kabisa. Ile yenye alama L huizuia isipite kikubwa kabisa, mnyororo usianguke kwenye spoki. Hiyo ndiyo kijana aliyoilegeza.

Ndipo akaifunga waya, akaliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono na kubadili gia moja moja. Mnyororo ulipochelewa kupanda, alisema: «Waya imelegea.» Akaizungusha nati ya waya kwa vidole, robo ya mzunguko, kinyume cha mshale wa saa. Ulipochelewa kushuka, alisema: «Imekazwa mno.» Akairudisha kidogo. Kila mara aligeuza kitu kimoja tu, kisha akajaribu tena.

Kijana alilipa bei ya waya, ala na spoki mbili. Derayeri mpya ingemgharimu zaidi. Kaka yake aliporudi, alimweleza yote kabla hajaulizwa. Kaka aliizunguka baiskeli, akaipanda, akajaribu gia zote. Kisha akasema: «Safari ijayo nitakuachia tena.»

Maneno ya kukumbuka

Ala: mfuko mrefu unaofunika waya.
Derayeri: chombo kinachouhamisha mnyororo.
Spoki: vyuma vyembamba vinavyoshika ukingo wa gurudumu.

Maulizo

1. Kwa nini mnyororo ulichelewa kushuka?
2. Skrubu yenye alama L inazuia nini?
3. Fundi alifanya mambo gani matatu kabla ya kutengeneza?
4. Kwa nini fundi aligeuza kitu kimoja tu kila mara?
5. Kama kijana angeficha kosa lake, fundi angepata taabu gani?