Sumu inayotuliza utumbo

Swali: Binti yangu husokotwa na tumbo mara kwa mara. Shemeji yake kasikia kuna sindano ya sumu inayotuliza utumbo. Ni kweli? (Msomaji, Mkunya, Newala)

Jibu: Nusu kweli. Ni sumu ya botulinamu, itokanayo na bakteria anayestawi pasipo hewa. Nchini Kenya iliwapata watu waliokula kumbikumbi waliofungiwa kwenye mifuko ya plastiki. Kisa hicho kilichapishwa na madaktari mwaka 1980.

Ikipenya kwenye ncha ya neva, hukata protini iitwayo SNAP-25, na neva hushindwa kumwaga kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Maabara zimeonyesha kwamba huzuia pia kemikali zinazosafirisha maumivu. Ndipo panya walipoingizwa kazini, ili kupima kama hutuliza maumivu ya utumbo: kipira kidogo huwekwa kwenye utumbo mpana, hujazwa hewa, na mshtuko wa misuli ya tumbo hupimwa bila sumu, kisha na sumu. Panya hasemi panapouma. Misuli ndiyo humsemea.

Kwa binadamu, dozi ndogo mno hudungwa kwenye mlango wa chini wa umio uliogoma kulegea, au kutibu mchaniko wa njia ya haja kubwa. Nafuu huisha baada ya miezi kadhaa.

Kwa msokoto wa kawaida, hiyo si tiba ya kukimbilia. Binti apelekwe hospitali, Ndanda kwa mfano, apimwe choo kwanza. Kifike maabara kingali kibichi, maana amiba, kimelea wa utumbo, hutambulika vizuri akiwa bado anatembea.