Ukibadilisha Saizi ya Tairi: Kwa Madereva, Wamotari na Wenye Magari wa Kindu

Mvua ikishika barabara ya Kalima au ya Kasongo, wenye magari hutafuta tairi kubwa zenye meno marefu. Gari linainuka na kuvuka tope ambamo jana lilikwama. Wengine hufunga saizi nyingine kwa sababu ile ya kiwandani haikupatikana dukani. Haya yote yanaeleweka. Lakini siku ile ile mita ya mwendo inaacha kusema kweli, na hesabu ya mafuta inaharibika pamoja nayo. Kwa mji ambao esanse na mazuti hufika kwa safari ndefu, kutoka kusini kwa reli inayopitia Kongolo, kwa mto kutoka Ubundu, au kwa malori, kila lita ni mali. Hesabu yake iwe sahihi.

Mita inahesabu nini

Mita haijui barabara. Inahesabu mizunguko tu. Kwenye magari mengi waya wake, au kifaa chake cha umeme, hutoka kwenye giaboksi, na kiwanda kiliipanga kwa tairi moja: mzunguko mmoja wa gurudumu ni urefu fulani. Ukiweka tairi kubwa, gari linasogea mbele zaidi kwa kila mzunguko, lakini mita inaendelea kuandika urefu ule wa zamani.

Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Tuchukue 225/70R15. 225 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni rimu kwa inchi. Ubavu ni milimita 157.5, na kwa kuwa uko juu na chini, unakuwa 315. Rimu ni 15 mara 25.4, yaani 381. Jumla: tairi lina kimo cha milimita 696. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa 235/75R15, utapata karibu 733. Kwa macho tofauti ni vidole viwili tu, lakini ni zaidi ya asilimia 5. Mita ikionyesha 60, gari liko kwenye 63. Ikionyesha 80, liko kwenye 84.

Usidharau hizo kilomita tatu au nne. Nguvu ambayo breki lazima iimalize hupanda kwa haraka kuliko mwendo: mwendo ukizidi kwa asilimia 5, nguvu hiyo inazidi kwa karibu asilimia 10. Mtoto anayekatiza barabara hasubiri mita irekebishwe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za magari inakataza mita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kuzidisha kidogo kunaruhusiwa. Ndiyo maana viwanda huacha mita izidishe kidogo. Tairi kubwa hula akiba hiyo.

Tairi dogo hufanya kinyume: mita inazidisha. Tairi kipara pia. Meno ya tairi jipya yakiwa na kina cha milimita 8 yakaisha hadi 2, kimo chote kinapungua milimita 12.

Kwenye pikipiki ni mambo mengine

Wamotari wasikilize hapa. Pikipiki nyingi za taksi mjini kwetu zina waya wa mita unaotoka gurudumu la mbele. Kwa hiyo ukibadilisha tairi la nyuma, kutoka 2.75-18 kwenda 3.00-18 kwa mfano, mita haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mzigo wa injini, kwa sababu nyuma ndiko mnyororo unakovuta. Ukibadilisha la mbele, injini haihisi kitu, lakini mita inadanganya. Na kama waya umekatika, usikisie mwendo kwa mlio wa injini: tairi la nyuma likiwa kubwa, mlio ule ule unakupeleka mbio zaidi.

Je, mafuta yanaliwa zaidi kweli?

Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa kati ya tajiri na dereva. Gari letu la 235/75R15 limetembea, mita inaandika kilomita 500. Kwa kweli limetembea 527. Kama desturi yake ni lita 13.3 kwa kilomita 100, limekula lita 70. Tajiri anapiga hesabu kwa 500, anapata lita 66 na nusu, na anauliza zile tatu na nusu zimeuzwa kwa nani. Hazikuuzwa. Ziko kwenye kilomita 27 ambazo mita haikuziandika.

Lakini si karatasi peke yake. Tairi kubwa ni zito, na meno makubwa hushikana na ardhi, kwa hiyo injini inafanya kazi zaidi. Tena gurudumu refu hupunguza nguvu ya kuvuta: kwenye kilima au matope, gia ya tatu iliyotosha zamani haitoshi, dereva anashuka ya pili, na mafuta yanaondoka. Upepo mdogo ndani ya tairi huongeza hasara hiyo. Huo upime kwanza, maana kuujaza hakugharimu sana.

Kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, tairi zote nne ziwe saizi moja. Zikitofautiana mbele na nyuma, mashine ya kugawa nguvu inakazana mpaka inavunjika. Hakikisha pia tairi haligusi madigadi wala mpira wa breki unapokata kona hadi mwisho.

Pima mwenyewe

Pakia gari mzigo wake wa kawaida, jaza upepo, tafuta mahali pagumu na tambarare. Piga alama ya chaki chini ya tairi na kwenye ardhi pale pale. Sukuma gari polepole mpaka alama ya tairi irudi chini mara tano, kisha weka chaki ya pili na upime kwa futi kamba. Gawanya kwa tano. Fanya hivyo kwa tairi la zamani kabla hujaliondoa, halafu kwa jipya. Gawanya jipya kwa la zamani: ukipata 1.05, kila kilomita na kila mwendo wa mita zidisha kwa 1.05. Simu yenye GPS inaweza kuthibitisha mwendo hata pasipo mtandao. Aishike abiria, si dereva.

Andika namba hiyo kwenye karatasi, ibandike kando ya mita, na uiandike kwenye kitabu cha gari pamoja na tarehe ya kubadilisha tairi. Tajiri na dereva wapime pamoja na watie sahihi wote wawili. Asikatwe mtu mshahara kwa lita ambazo hazijapimwa.