Gharama ya Nyonga Iliyovunjika



Somo la safari hii latutoa shambani kidogo. Kijana akianguka mkarafuuni, mtaa mzima hupata habari. Lakini mzee akiteleza uani usiku, akaangukia ubavu na asiweze kusimama, husemwa ni uzee tu. Hukandwa maji ya moto, na siku zikapita. Huyo aghalabu amevunjika mfupa wa paja, pale nyongani.

Mfupa wa uzeeni hupungua ndani kama ubao ulioliwa na mchwa, nje mzima, ndani mtupu. Madaktari huita osteoporosisi. Wengi wadhani ni maradhi ya wanawake, na sivyo. Duniani, katika kila nyonga tatu zivunjikazo, moja hivi ni ya mwanamume. Na katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunjika, wanaume hufa zaidi kuliko wanawake. Tumbaku, pombe, na dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu, huzidisha udhaifu huo.

Sasa tutazame Dongobesh, huko Mbulu, mkoa wa Manyara. Tumepachagua kwa makusudi: wenyeji ni wakulima na wafugaji, na milima huwatenga na hospitali kubwa kama bahari itutengavyo sisi. Mzee akivunjika nyonga huko, hana budi kupelekwa penye eksirei na mpasuaji. Iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika wilaya hiyo hiyo, iliyofunguliwa 1955. Isipowezekana hapo, safari ni ya Moshi, hospitali ya KCMC, kupitia Karatu na Arusha. Na mtu asiyeweza kukaa hapandi basi, gari hukodiwa.

Akipasuliwa mapema na kutiwa chuma, baada ya siku chache huanza kusimamishwa kwa magongo. Asipopasuliwa, hulazwa mguu ukivutwa kwa uzito, wiki sita au zaidi. Njia hii huonekana rahisi kwa sababu risiti yake ni ndogo. Lakini hebu tuhesabu. Wiki sita ni siku 42, na mwana akaaye kando ya kitanda amepoteza siku 42 za jembe. Chakula hutoka nyumbani. Mgonjwa hutoka vidonda vya mgongo, au mapafu huvimba, na dawa zake ni gharama nyingine. Huko huuzwa ng'ombe. Kwetu huuzwa karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Sisi twaona upasuaji wa mapema ndio rahisi, ingawa risiti yake hutisha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Bara, ya mwaka 2003, yataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ni jambo jema, ila msamaha huo haulipi gari wala chakula cha muuguzaji.

Basi uani pawe na taa, na mzee ale dagaa pamoja na mifupa yake, atembee, aote jua. Akianguka, na mguu ukaonekana mfupi, unyayo umegeukia nje, asikandwe wala asivutwe. Alazwe juu ya ubao, apelekwe hospitali siku ile ile.

Tena, Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa waliotimia miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwanachama ambaye mzee wake ametimia umri huo na hajaandikishwa, aanze kwa sheha wake.